Nusu Yangu ya Mili

Mkono wa mwalimu ulinyooka, kiganja kikitazama chini, vidole vikapigapiga hewa. Alikuwa anamwambia binti yangu akae. Binti yangu Neema, mwenye miaka mitatu, akainuka kwenye mkeka na kumkimbilia mwalimu huku anacheka, mikono ameifungua kama anayekwenda kubebwa. Mwalimu akamchapa kibao cha mkono, akamrudisha kwenye mkeka, akanyoosha mkono tena vilevile. Neema akainuka tena. Safari hii hakuwa anacheka, lakini alikwenda. Ndipo mwalimu alipovua skafu yake shingoni, akamkalisha mtoto wangu kwenye kiti cha plastiki, akamfunga kiunoni, fundo nyuma.

Nilikuwa nje ya uzio na Papa, baba yangu. Tulifika mapema kwa sababu mteja wangu wa kusuka alikuwa ameahirisha. Tangu Neema aanze chekechea ile nilikuwa naambiwa kila jioni: hasikii, ana fujo, tumemwandika mkaidi, mpeleke akapimwe masikio. Nami kila jioni nasema pole mwalimu, tutaongea naye nyumbani. Nimesema pole mpaka neno lenyewe limenikinaisha. Siku hiyo pole zote zikaisha. Sikuzunguka getini. Nilipanda uzio na sketi yangu ya kazini, Papa nyuma yangu ananiita, "Riziki! Riziki, shuka!", nikarukia upande wa pili na kwenda moja kwa moja kwenye lile fundo.

"Mama, huyu ni kama kijibwa," mwalimu aliniambia kwa Kiingereza. Hata hasira hakuwa nayo, alikuwa amechoka tu. "Hajafundishwa. Nikimwambia kaa, anakuja. Nikimwambia kaa, anakuja."

Nilichomjibu sitakiandika hapa, kuna watu wa kanisani wanaosoma. Ila nilipokuwa nafungua, skafu ile ilikuwa imelowa machozi na mate, na ile harufu ya kitambaa kilichotafunwa na kiumbe asiyeelewa kosa lake ilinipanda puani. Nikasimama nayo mkononi kama mjinga. Harufu ile nilikuwa naijua. Mara ya mwisho niliinusa nikiwa darasa la sita, nimepiga magoti kwenye matope, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia hapa Joburg huku mkifundishwa kukaza midomo kwenye teksi. Nyinyi mtanielewa haraka kuliko wengine.

Tulikuwa tunaishi kwenye uwanja wa michezo, upande wa Kensington. Papa alikuwa mlinzi, mkata nyasi, mfungua geti, na fundi wa bomba bomba likipasuka, ingawa mshahara ulikuwa wa mlinzi peke yake. Mama alisuka nywele mjini. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegandamana na vyoo vya wachezaji, lakini asubuhi nikifungua mlango nilikuta uwanja mzima wa nyasi ni wangu, na Wakongo wenzangu wa darasani, waliokuwa wamebanana ghorofani, waliamini sisi ni matajiri. Sikuwasahihisha.

Jumamosi walikuja watu wa mbwa. Kama hamjauona mchezo wao, ni huu: mbwa anakimbia bila kamba, na mtu wake anakimbia pembeni akimwonyesha njia. Ruka viunzi. Ingia kwenye bomba refu la kitambaa, utokee upande wa pili. Panda ubao ulioinuliwa kama paa la nyumba, ushuke, ukanyage sehemu iliyopakwa rangi ya njano. Pita kati ya fito zilizosimikwa mstari mmoja, kushoto kulia kushoto kulia, kama vidole vya Mama kwenye nywele. Mtu haruhusiwi kumgusa mbwa. Mbwa akikosea njia, anatolewa. Papa aliwapangia vifaa asubuhi na kuvirudisha jioni, na kila mara alitikisa kichwa: "Bazungu banafanyia imbwa kazi ya shule."

Mwenye mbwa mmoja, Mili, alikuwa Tannie Elsa. Tannie kwa lugha yao ya Kiafrikana ni kama kusema shangazi, na ndivyo alivyotaka aitwe. Alikuwa mjane, ana goti bovu, na alikuwa katika kamati ya uwanja, yaani watu walioamua kama Papa anabaki na kazi na sisi tunabaki na chumba. Mili ni mahindi kwa lugha ya huku. Alikuwa na rangi hiyo hasa, ya mahindi mabichi yaliyochomwa kidogo, na kifua cheupe. Hakuwa amemaliza mwaka. Na alikuwa kichaa. Alizunguka akifukuza mkia wake, alibwekea ndege, alibwekea ndoo, alishika pindo la suruali ya mtu na kukataa kuachia. Wenzake walikaa wametulia kwenye mstari kama wanafunzi wa masista. Yeye alitetemeka mwili mzima kama sufuria iliyo karibu kuchemka, na kabla hajaambiwa chochote, alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi moja alimponyoka Tannie, akakimbia uwanja mzima, watu wanamfuata na kuita, naye anadhani ni mchezo. Mimi nilikuwa naanika nguo. Sikusema neno. Nilichuchumaa, nikanyoosha mkono, kiganja chini, nikakunja vidole kuelekea kwangu, kama Mama anavyoniita. Mili akaja, akasimama, akaweka kidevu kwenye goti langu.

"Fanya tena," akasema Tannie Elsa, anahema.

Kwa nini sikusema neno? Kwa sababu ya amri ya Papa. Wakati ule maduka ya wageni yalikuwa yanavunjwa, na mtu alikuwa anasimamishwa njiani, anaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, akikosa anapigwa. Papa akatuwekea sheria: nje ya mlango wetu, Kiswahili hakuna. Si uwanjani, si kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, si pale kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri kuvuka. Kiingereza changu nacho kilikuwa cha aibu, watoto walikicheka. Basi nikabaki na mikono.

Na mikono yangu niliipata kwa Mama. Nyumbani kwetu mtu haitwi kwa kiganja kilichoangalia juu na kidole kimoja kinachojikunja. Ukimwita Mama hivyo, hata kwa utani, anakuuliza, "Unaita mimi ao unaita imbwa?" Mtu mwenye heshima zake unamwita kwa kiganja chini, vidole vyote, polepole. Niliona Mili anastahili kuitwa kama mtu. Mpaka leo nikifikiria hapo ndipo ninaporudi: nilimpa heshima.

Tannie akaomba nimfanyie Mili mazoezi kila alasiri nikitoka shule. Papa alikubali hata kabla ombi halijaisha. Mama alipouliza itakuwaje na masomo, Papa alisema kwa sauti ya chini, "Yule mama yuko mu kamati." Mama akaendelea kumenya viazi.

Mimi nilisikia kingine kabisa. Kwao Papa, huko Kongo upande wa Walungu, mtu akikupa mbuzi wake umfugie, yule mbuzi anazaa kwa zamu: mtoto mmoja wa mwenyewe, anayefuata ni wako. Huwezi kumlea mnyama wa mtu, umlishe, umjue, halafu usiwe na sehemu yako. Hiyo Papa alitusimulia mara nyingi, ndivyo babu yake alivyopata mbuzi wake wa kwanza. Kwa hiyo Tannie Elsa aliponipa kamba ya Mili mkononi, nilielewa kwamba tumeandikiana. Nilitangaza nyumbani: sasa nusu ya Mili ni yangu.

Papa alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alinitazama kwa makini, akasema, "Kama ni nusu, uchague ya nyuma. Ile ya mbele ndiyo inakula."

Hawakunisahihisha. Nadhani walifikiri ni maneno ya mtoto, yatapita. Mimi nililala na hesabu ya nusu yangu kichwani, na asubuhi niliamka nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, msidhani ni kucheza. Tannie alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia usoni, chupa ya chai miguuni, akipiga kelele moja tu: "Miguu! Miguu yako!" Alinifundisha kwamba mbwa hasikilizi mdomo, anasoma mwili. Ukitaka aende kulia, bega lako, goti lako, ncha ya kiatu chako, vyote viangalie kulia kabla hata hajafika. Ukisitasita, naye anasita. Ukigeuka kwa woga, anaangusha kiunzi. Mfukoni nilikuwa na vipande vya maini vilivyokaushwa kwenye oveni ya Tannie, na sare yangu ya shule ilinuka maini hivi kwamba kwenye basi msichana mmoja alihamisha kiti. Eish, sikujali. Alasiri ilikuwa inanisubiri.

Fito alizijua haraka. Ubao alikuwa anaruka kutoka juu bila kugusa njano, mpaka nikaweka kipande cha maini palepale kwenye rangi, kila siku, na miguu yake ikajifunza kwamba njano ndiko kwenye utamu. Kilichotushinda ni mwanzo. Mbwa lazima abaki nyuma ya mstari, ametulia, wakati mtu wake anatembea mbele kwenda kujipanga. Mili hakuweza. Nikitoa hatua, yuko visiginoni. Nilimrudisha. Nikatoa hatua, yuko visiginoni. Nilitafuta alama ya kumwambia ngoja, na nikaipata kanisani, kwa akina mama wanaposimama kuomba: ngumi kifuani, imetulia. Nikaweka ngumi kifuani, nikamtazama machoni, mpaka alipoacha kutetemeka. Ngumi kifuani, subiri. Kiganja chini, njoo. Hayo mawili tu.

Sijui ni jioni ngapi tulizitumia hapo. Najua umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, taa za nyumba za jirani zikizimika zote kwa pamoja, na sisi wawili bado tuko kwenye nyasi. Siku ilipofika akabaki nyuma ya mstari mpaka nikafika kiunzi cha tatu, masikio yamesimama, mwili wote unawaka kwa hamu lakini miguu imepandwa ardhini. Nikageuka, nikakunja vidole. Alikuja kama jiwe lililorushwa. Tannie Elsa aliinuka kitini, na goti lake hilo, akapiga makofi.

"Mtoto, umefanya nini?" akauliza.

Nikamwonyesha miguu yangu, maana ndiyo aliyokuwa anaipenda. Hakuniuliza hata siku moja mikono yangu inasema nini.

Mashindano yalikuwa yafanyike hapohapo kwetu. Tannie akaniambia, "Jumamosi uwe tayari mapema. Wewe ndiye unayemjua." Kuna mtoto gani angeelewa vingine? Nilimwambia Mama nitakimbia na Mili mbele ya watu. Mama alikwenda Mayfair, kwa Msomali mmoja anayeuza vitambaa, akanunua kitenge chenye maua ya rangi ya mahindi, akanishonea blauzi. Ijumaa alinisuka mistari myembamba inayorudi nyuma, isinipige usoni nikikimbia. Alivuta sana, nikalia, akasema, "Kaa hivyo. Mutu wa kushinda hana kichwa cha hovyo." Papa alinipakia viatu rangi nyeupe ile ya kuchorea mistari ya uwanja. Aliipaka kwa brashi, polepole, amechuchumaa. Sijasahau kisogo chake.

Asubuhi hiyo nilitoka nje na ule mng'ao wangu wote, na pale kwenye kiti cha kukunja alikuwa ameketi mwanaume mwenye kaptura, namba ya mashindano imebandikwa kifuani.

"Huyu ni Deon, mtoto wa dada yangu," Tannie alisema. "Yeye ndiye atakayekimbia. Wewe utashika kamba mpaka zamu yao ifike. Blauzi nzuri!"

Nilikuja kujua baadaye kwamba Deon alikuwa ameshafika Jumapili mbili kufanya mazoezi, saa ambazo sisi tulikuwa kanisani. Alikuwa amemwendesha Mili na maini ndani ya ngumi, na mbwa aliyefuata maini alionekana mbwa anayemfuata yeye. Kwenye mashindano maini hayaruhusiwi.

Nilishika kamba. Nini kingine? Mama alikuwa nyuma yangu na khanga yake nzuri, na nilisikia pumzi yake ikibadilika. Papa alikuwa getini anaelekeza magari. Mili alinilamba viatu, rangi nyeupe ikamshika puani. Nikamfuta kwa mkono wa blauzi.

Zamu yao ikafika. Deon akamweka nyuma ya mstari, akamfungua. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akapigapiga hewa. Kaa. Ngoja.

Mili akautazama ule mkono. Niliona akili yake ikifanya kazi, niliona alivyofurahi kwamba hata huyu mtu mgeni anaijua lugha yetu. Akaenda.

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu. Deon akarudi nyuma akisukuma hewa kwa kiganja, kwa nguvu zaidi, "Chini! Chini!", na kadiri alivyosukuma ndivyo Mili alivyojitahidi zaidi kuja, anaruka mpaka kifuani pake, anamlamba kidevu. Mwamuzi akapiga kipenga: mmetolewa. Deon alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimkamata ukosi, akambamiza chini, akampiga usoni. Halafu akasimama na kumnyooshea tena mkono uleule. Kiganja chini. Na Mili, tumbo linaburuta nyasi, mkia umefichwa, akaja tena. Kwa sababu aliitwa.

Akampiga tena. Hapo ndipo Mili alipomuuma.

Halikuwa jeraha kubwa. Lakini damu ilionekana, na mama mmoja akapiga yowe, na kila mtu akashika mbwa wake. Mimi nilikuwa tayari nakimbia. Nilimkuta Papa katikati ya njia, ametoka getini, akanishika kiuno.

"Papa, anamwita!" nilipiga kelele, kwa Kiswahili, uwanja mzima unasikia. "Anamwita halafu anampiga! Waambie! Anamwita halafu anampiga!"

Papa akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka petroli ya mashine ya nyasi.

"Nyamaza," alisema sikioni. "Nyamaza, mama yangu. Banatuangalia."

Simlaumu kwa urahisi. Nilikuwa namlaumu sana nikiwa na miaka kumi na sita, leo nina mtoto na ninajua chumba ni nini. Lakini niwaambie ukweli: maneno yalikuwepo. Sentensi moja. Papa alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuisema. Ingechukua muda mfupi kuliko kumfunga mbwa.

Walimfunga kwenye bomba la maji, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, na kamba fupi, mchana kutwa, mashindano yanaendelea. Alibweka mpaka sauti ikakauka. Mama alijifanya haoni nilipotoka chumbani. Chini ya bomba palikuwa na matope. Nilipiga magoti na blauzi yangu ya mahindi. Mili alikuwa ametafuna kamba ile mpaka imekuwa nyuzi, imelowa, inanuka mate na hofu. Nikaweka ngumi kifuani. Akatulia. Kwa yote waliyomfanyia kwa mkono, bado aliuamini wangu. Akaweka kidevu kwenye goti langu, tukakaa hivyo mpaka Papa alipotumwa kuja kunitoa.

Jumatatu nilipotoka shule, bombani hapakuwa na Mili. Papa alikuwa anakata nyasi, na mashine aliizima aliponiona, kitu ambacho huwa hafanyi.

"Amehamia Pretoria," alisema. "Kwa Deon. Huko kuna yadi kubwa."

Nikaamini. Ndiyo, niliamini! Niliwaza tu jinsi nitakavyodai nusu yangu kutoka mbali hivyo, na kama Deon atakuwa na subira akionyeshwa ile ngumi. Nilipanga nimwandikie. Nilimwonea Deon huruma hata, kwamba hajui kumwita mbwa wake mwenyewe.

Kisha Tannie Elsa akaja mlangoni kwetu, hajawahi kufika hapo kabla. Alikuwa anaburuta mfuko wa chakula cha mbwa, umefunguliwa, umebaki kama nusu. Macho yalikuwa yamevimba. Alimwambia Mama, "Labda mnamjua mtu ambaye kitamfaa," akanishika shavu, akaondoka akichechemea. Niliutazama ule mfuko. Nikautazama tena.

"Mama," nikasema, "imbwa akihamia Pretoria si anahama na chakula chake?"

Mama aliketi kitandani. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akakunja vidole. Nikaenda. Alinishika muda mrefu, akaniambia sikioni kwamba Mili alikuwa amepelekwa kwa daktari wa wanyama kuchomwa sindano ya kufa, asubuhi ileile ya Jumatatu, nikiwa shuleni, na kwamba Papa ndiye aliyembeba mpaka garini kwa sababu hakukubali kushikwa na mwingine.

Hakuna aliyelizungumza tena. Tulibaki na chumba. Papa alibaki na kazi. Tannie hakufuga mbwa mwingine, na Jumamosi alikaa kwenye kiti chake akitazama mbwa wa wenzake. Mfuko ule ulikaa chini ya kitanda mpaka panya wakaumaliza.

Mtoto wangu si mbwa. Naliandika hili kwa sababu najua kuna mtu atasoma na kusema Riziki anamlinganisha mwanawe na mnyama. Mwalimu ndiye aliyelinganisha, si mimi. Mimi nasema kwamba nilisimama nje ya uzio nikaona mkono uleule, kiganja kilekile, na mtoto aliyelelewa na Mama yangu, anayeitwa hivyo tangu ajifunze kutambaa, akiinuka kutii.

Mkuu wa chekechea aliniita ofisini kwake, akanipa chai. Tuyamalize kimya kimya, mama, alisema. Mwalimu ni mchovu, mtoto ni msumbufu, na nyinyi, samahani kuuliza, makaratasi yenu yako sawa? Hapo akawa amenisaidia kuamua. Niliiacha chai ilivyo.

Papa alinifuata mpaka robot. "Riziki, acha. Tafuta shule ingine. Utatuletea matatizo." Ana mvi sasa, bado analinda geti la watu. Kesho yake nilipokwenda ofisi ya ustawi wa jamii, ile inayosimamia chekechea, nilimkuta ameketi kwenye benchi, amevaa koti lake la kanisani. Afisa alipoandika maelezo yangu aliuliza kama kuna shahidi, na nikasema yupo lakini hapendi kuongea.

"Mimi," akasema Papa nyuma yangu, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo benchi zima liligeuka. "Mimi niliona."

Malalamiko niliyaandika kwa Kiingereza. Nayaweka hapa kwa lugha yetu, kama yalivyo.

"Mimi ni mama wa mtoto aliyetajwa hapo juu. Ninalalamika rasmi kwamba mwalimu wake alimchapa na kumfunga kwenye kiti kwa skafu, mchana, mbele ya watoto wenzake. Mimi na baba yangu tulishuhudia. Mwalimu anasema mtoto hasikii na hajafundishwa. Nyumbani kwetu mkono alioutumia mwalimu maana yake ni njoo. Hakuna aliyetuuliza. Siombi pesa na siombi mwalimu afukuzwe. Ninaomba watoto wasifungwe tena pale, na mwalimu aelezwe alichofanya. Tena ninaomba neno 'mkaidi' lifutwe kwenye taarifa ya mtoto wangu na mahali pake paandikwe ilivyokuwa: aliitwa, akaja."